Plastiki nyeusi za gari jipya: mafuta ya kung'arisha, dawa ya maji au seramiki? Ulinganisho kwa sisi tunaoendesha Dar

Hili swali linaulizwa kila siku na watu waliotoka kuchukua gari, iwe zero kilometa ya shoo rumu au ile iliyoshuka bandarini kutoka Japani bado safi kabisa: hizi plastiki nyeusi za nje, madigadi, chini ya bampa, kingo za milango, keria ya juu, na ile iliyolala chini ya waipa, nizipake nini zisipauke? Na jibu analopewa mtu mara nyingi ni lile lile, peleka kuosha wakupigie mafuta, itawaka. Mi hilo jibu nalipinga kabisa na nitaeleza kwa nini, ila kwanza niweke wazi ninachokiamini. Gari jipya weusi linao tayari, kiwanda kimeshaweka, kinachokosekana ni kinga ya jua ya kuufanya ule weusi ubaki. Kwa hiyo dukani usiangalie kipi kinang'aa zaidi, angalia kipi kinazuia UV, ile miale ya jua inayochoma, na hakiachi utelezi wa mafuta juu. Ukichuja hivyo unabaki na vitu viwili tu vya kuchagua: dawa ya maji, yaani iliyotengenezwa kwa maji badala ya mafuta, ambayo unapaka kila baada ya wiki kadhaa, au seramiki, dawa inayokauka na kuwa tabaka gumu, ambayo unapaka mara moja inakaa muda mrefu. Mengine nayo nitayagusa maana watu wanayatumia na yanauzwa.

Kwa nini inapauka, na kwa nini Dar inawahi

Siku ukiwa chini ya gari chungulia upande wa ndani wa bampa au digadi, utakuta maandishi yamegandamizwa kwenye plastiki yenyewe, kitu kama >PP+EPDM-T20<. Hiyo ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isipasuke ikigongwa kidogo, na ile T20 ni unga wa talki asilimia 20. Talki ni jiwe laini lililosagwa, jeupe. Weusi unatokana na kaboni, yaani masizi, na ile kaboni inasaidia pia kuzuia jua lisizame ndani, halafu kiwandani wanaongeza kemikali za kupunguza makali ya UV. Sasa jua linavyopiga mwaka baada ya mwaka zile kemikali zinapungua, plastiki ya juu kabisa inaanza kukatika katika, uso unapata nyufa ndogo ambazo macho hayazioni, mwanga unatawanyika badala ya kuzama, na ile talki nyeupe inaanza kujitokeza. Ndio ule ujivu unaouona kwenye gari za zamani. Na ndio maana bodaboda akikukwaruza digadi kwenye foleni unabaki mstari mweupe, ile ile talki inachangia.

Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Miezi hiyo anga likiwa wazi kipimo cha UV kinafika 11 kwenda juu, na kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani 11 na kuendelea ndio daraja la juu kabisa. Ongezea upepo wa chumvi kwa walio Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, na vumbi kwa walio Goba, Madale, Chanika na Kivule. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya chupa iliyoandikwa kwa watu wenye miezi sita ya mawingu wakakwambia inadumu muda fulani, we punguza.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, plastiki hazipauki sawa. Zilizolala zinatangulia: ile ya chini ya waipa (hiyo inapigwa na jua la juu na joto la injini kwa pamoja), keria, mgongo wa bampa ya nyuma pale unapoweka mzigo kabla ya kuingiza buti, na juu ya saitimira. Digadi na kingo za milango zimesimama, zinachelewa. Ukiwa na dawa kidogo au muda mdogo, anza na zilizolala.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha ni kupauka kweli

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona watu wanapoteza hela. Gari lina miezi michache mtu anakuja analalamika plastiki zimeanza kuwa nyeupe, anatafuta dawa ya kurudisha weusi. Gari la miezi michache haliwezi kupauka namna hiyo. Mara nyingi huo weupe ni moja kati ya vitu viwili.

Cha kwanza ni maji ya kisima. Sehemu nyingi za Dar visima vyetu vina chumvi, na wanaoosha magari mtaani wengi wanatumia maji hayo hayo, gari linaoshwa juani, maji yanakaukia kwenye plastiki na yanaacha utando mweupe. Kwenye bodi ya rangi nyeupe au silva huoni kitu, kwenye plastiki nyeusi yenye vipele vipele inaonekana vizuri sana. Mtu akipaka mafuta juu ya huo utando unapotea kwa siku mbili tatu kisha unarudi, anasema dawa feki. Dawa haina kosa, chumvi iko pale pale chini. Hiyo unaitoa na siki nyeupe ya mezani nusu kwa nusu na maji, unapaka na kitambaa kivulini, unaacha dakika moja au mbili bila kuiacha ikauke, unasugua na mswaki laini, unasuuza na maji ya bomba. Ikitoka, basi plastiki yako nzima.

Cha pili ni polishi au waksi ya bodi. Kijana anapaka waksi kwenye mlango anapitiliza mpaka kwenye plastiki, inaingia kwenye vipele, ikikauka inakuwa nyeupe kama chokaa. Hiyo maji hayaitoi. Mswaki na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya gari yanasaidia, na ikigoma ufutio wa penseli ule mweupe, sugua taratibu, unaivuta. Ukitaka isitokee tena, bandika teipu ya karatasi kwenye kingo kabla ya kupaka waksi, rahisi tu.

Ukishafanya hayo mawili na bado kuna ujivu ambao ukilowesha maji unapotea na ukikauka unarudi, hapo ndio kupauka kwenyewe, na kwa gari jipya kweli kweli haitakuwepo.

Mafuta ya kung'arisha

Tuanze na haya maana ndiyo yanayopakwa na wengi. Ni ile dawa ya kwenye dumu au spirei ambayo wanapiga tairi, dashibodi na plastiki za nje kwa kitambaa kimoja. Nyingi ni mafuta ya silikoni yaliyoyeyushwa kwenye kitu cha jamii ya petroli, na sehemu nyingine hata hiyo hamna, wanakupigia dizeli au mafuta ya taa tu, inakuwa nyeusi tii, unatoa hela unaondoka umefurahi.

Uzuri wake nausema: ni rahisi, inapatikana kila kona, na matokeo ni ya papo hapo. Ila haina kinga ya UV ya maana, kwa hiyo jua linaendelea na kazi yake chini ya ule mng'ao. Vumbi linanata, ukitoka Kimara unafika Kibamba plastiki imeshakuwa ya kahawia. Mvua ikinyesha mafuta yanatiririka yanachora michirizi kwenye milango. Na raba za madirisha na milango nyingi ni za EPDM, mpira ambao dizeli, mafuta ya taa na viyeyusho vya petroli vinauvimbisha na kuulegeza, ukizoea kupakwa hivyo kila wiki raba inaanza kujikunja kwenye kona na maji yanaingia ndani. Kuna na la silikoni: siku gari likigongwa likahitaji kupigwa rangi, silikoni iliyobaki kwenye bodi inafanya rangi mpya ijitenge na kuacha vishimo vya duara, muulize fundi rangi yeyote wa Gerezani atakwambia anavyoichukia.

Kwa hiyo kwa gari jipya mi naitoa kwenye mashindano. Siyo kwamba ukipakwa mara moja gari limeharibika, hapana, ila kama ndio utaratibu wako wa kila wiki unalipia mng'ao na plastiki inaendelea kuchomwa.

Dawa ya maji yenye kinga ya UV

Hii ukiimimina iko kama maziwa au maji mazito kidogo, haina harufu ya petroli, na haishiki moto. Mojawapo inayojulikana sana ni 303 Aerospace Protectant ya Marekani, ila zipo na nyingine nyingi, cha muhimu lebo iseme inazuia UV na iwe ya maji.

Ninachokipenda ni kwamba inasamehe. Ukikosea kupaka, umeweka nyingi, umeruka sehemu, unafuta unarudia, hakuna hasara. Inaacha weusi wa asili, ule wa kiwandani, haing'ai kama kiatu cha harusi. Ukiifuta vizuri ikabaki kavu vumbi halinati sana. Unaweza kuipaka kwenye raba za milango, kwenye dashibodi na kwenye tairi, chupa moja inafanya kazi zote. Na haina siku ya kusubiri, unapaka asubuhi unaondoka.

Udhaifu wake ni mmoja ila ni mkubwa: haikai. Hesabu kama mwezi mmoja kwa gari lenye shedi, na pungufu ya hapo kwa gari linalolala na kushinda juani, na wakati wa masika wiki mbili tatu unaona imekwisha kwenye zile plastiki zilizolala. Na kama gari linaoshwa na sabuni ya unga, ile ya kufulia nguo, inaondoka mapema zaidi kwa sababu sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kung'oa mafuta. Kwa hiyo dawa hii ni nzuri sana kwa mtu ambaye atairudia kweli, na ni kazi bure kwa mtu ambaye atapaka siku ya kwanza akasahau mpaka Krismasi. We mwenyewe unajijua uko upande gani.

Namna ya kupaka ni fupi. Osha gari, plastiki zikauke hasa, siyo juu juu, maji yanajificha kwenye vile vipele. Kivulini. Pulizia kwenye sponji na siyo kwenye gari maana kioo cha mbele kikipata ile kitu waipa zitaanza kupaka ukungu usiku wa mvua. Sambaza, subiri dakika chache, halafu futa na kitambaa kikavu cha maikrofaiba mpaka ukipitisha kidole kisiteleze. Watu wengi wanaruka hiyo hatua ya kufuta, wanaona wakifuta wanaitoa. Iliyoshika imeshashika, unayoifuta ni ya ziada ambayo ingevuta vumbi.

Seramiki ya plastiki

Hii ni chupa ndogo, mara nyingi mililita 30 au 50, au vitambaa vilivyoloweshwa tayari kama vile vya Cerakote. Gtechniq nao wana yao inaitwa C4. Ikishapakwa inakauka na kuwa tabaka gumu lililoshikana na plastiki, maji ya kuoshea hayaitoi, sabuni ya unga haiitoi kirahisi, na ukipita mvua matone yanajikunja yanadondoka na vumbi. Hapo ndipo inapoishinda dawa ya maji kwa mbali, kwa sababu haikutegemei wewe kila mwezi.

Wauzaji wanataja miaka miwili, mitatu, na kuendelea. Kwa jua letu mi nashauri uhesabu mwaka mmoja wa uhakika kwenye plastiki zilizolala, zilizosimama zikizidi hapo ni faida.

Sasa upande wa pili, na hapa nataka msomaji anielewe vizuri kwa sababu kwenye matangazo hawasemi. Bodi ya rangi ukikosea kupaka seramiki, ikibaki madoa ya upinde au michirizi, fundi anachukua mashine ya polishi anaikwangua kidogo anaanza upya. Plastiki yenye vipele huwezi kuipiga mashine, ukiisugua unalainisha vile vipele na hiyo sehemu itang'aa tofauti na nyingine milele. Kosa la seramiki kwenye plastiki linakaa nawe mpaka tabaka lichakae lenyewe. Kwa hiyo maandalizi ndio kila kitu.

Na gari jipya lina kisa chake. Plastiki mpya inaweza kuwa na mabaki ya ile dawa ya kiwandani inayopakwa kwenye kalibu ili kipande kitoke bila kunata. Huioni, ila seramiki haishiki juu yake vizuri. Ndio maana mtu anapaka kwenye gari la wiki moja akidhani mpya ni safi, baada ya miezi mitatu inaondoka mabaka mabaka. Osha na sabuni ya gari na mswaki, suuza, kausha hasa, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, ile ya famasi isiyo na mafuta wala rangi, mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Kama gari lilishapigwa mafuta ya kung'arisha, hata mara moja, rudia hiyo hatua zaidi ya mara moja maana silikoni inang'ang'ania.

Kisha vaa glavu, paka kidogo sana kwa sponji iliyofungwa kitambaa laini, kipande kama urefu wa mkono kwa wakati mmoja, na ufute kwa kitambaa kingine ndani ya muda ulioandikwa kwenye chupa, au mapema zaidi. Nasema mapema zaidi kwa sababu seramiki nyingi zinakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha, wakati mwenzako wa Arusha ana dakika zake za kujipanga we huku imeshaanza kushika. Fanya asubuhi mapema, kivulini, plastiki ikiwa ya baridi ukiigusa. Baada ya hapo gari lisiguse maji masaa 24, na sabuni lisiiguse kwa wiki nzima. Kwa hiyo msimu wake ni kuanzia Juni mpaka Septemba, kwenye kipupwe, wakati mvua imekata. Kuipaka Aprili gari likiwa linalala nje ni kuitupa hela.

Kama ulipewa kifurushi cha seramiki wakati unanunua gari au umelipia sehemu wakupakie, uliza neno kwa neno: plastiki zimo? Koutingi ya bodi na ya plastiki ni kazi mbili tofauti na wengine wanapaka rangi peke yake. Na uliza wanatumia bidhaa ya bodi au ya plastiki, maana baadhi za bodi zikipakwa kwenye plastiki yenye vipele zinaacha mng'ao wa mabaka.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwenye vumbi seramiki inashinda, dawa ya maji iliyofutwa vizuri inafuata kwa karibu, mafuta yanashindwa vibaya. Kwenye mvua ni hivyo hivyo, ila tofauti kati ya seramiki na dawa ya maji hapo ni kubwa zaidi. Kwenye jua zote mbili zinakinga zikiwepo, tatizo la dawa ya maji ni zile wiki ambazo imekwisha na hujarudia. Kwenye urahisi wa kupaka dawa ya maji haina mpinzani, hata mtoto wa sekondari anakusaidia Jumamosi. Kwenye kusahihisha kosa dawa ya maji tena. Kwa gharama, chupa ya seramiki ni ghali kwa mililita ila inatumika kidogo sana, dawa ya maji ni nafuu kuanza nayo ila unainunua tena na tena, kwa mwaka mzima zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani, na kama seramiki unalipia fundi basi hapo dawa ya maji ndio nafuu bila ubishi.

Mkwaruzo wa bodaboda hakuna inayozuia. Mtu akikwambia seramiki ya plastiki inazuia mikwaruzo anakuuzia.

Uchague ipi sasa

Mi swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni nani anaosha gari lako, maana hilo linaamua kuliko aina ya gari.

Kama unaosha mwenyewe nyumbani, au una kijana wa nyumbani anayekusikiliza, na maji ni ya bomba la DAWASA au ya mvua uliyokinga, chukua dawa ya maji na usihangaike na kingine. Utaigusa plastiki yako mara kwa mara, utajua hali yake, na mwaka ukiisha utakuwa na plastiki kama siku ya kwanza. Hii ndio ningeichagua mimi kwa mtu yeyote mwenye nusu saa Jumamosi.

Kama gari linaoshwa kawoshi ya njiani, leo Mwenge kesho Tabata, kwa sabuni ya unga, presha ya karibu na kitambaa kilichotoka kufuta ringi, dawa ya maji utakuwa unapaka wao wanaiosha. Hapo weka seramiki, halafu kila unaposhusha gari mwambie kijana kwa upole na mapema kabla hajaanza, mdogo wangu plastiki za nje usinipakie chochote, tairi tu. Ukimwambia baada ameshapaka haisaidii.

Gari zenye plastiki nyingi kama Jimny mpya, Subaru XV, CX-5 au RAV4, mi naona seramiki inastahili zaidi hata kama unaosha mwenyewe, kwa sababu eneo ni kubwa na kazi ya kila mwezi inachosha, na siku digadi moja ikipauka unaona tofauti kutoka mbali. Gari kama IST au Vitz yenye plastiki ndogo ya chini ya waipa na basi, dawa ya maji inatosha kabisa.

Anayekaa ufukweni, mi ningemwambia afanye zote: seramiki mara moja, halafu kila baada ya miezi miwili au mitatu apitishe dawa ya maji juu yake. Zinaendana, na ile ya juu ndio inayoliwa kwanza na jua na chumvi.

Kuhusu kivuli, kama unaweza kupata shedi ni bora kuliko dawa zote hizi kwa pamoja. Turubai la kufunika gari sina hamu nalo kwa Dar, upepo unalipeperusha lina vumbi ndani na linasugua bodi. Chini ya mti jua linapungua kweli ila kuna utomvu na kunguru, na kinyesi chao kikikauka kwenye plastiki ya vipele kukitoa ni shughuli, kilowanishe kwanza na usikikwangue.

Yale mengine watu wanayoyataja

Dawa za kurudisha weusi zenye rangi ndani, kama Solution Finish, ni nzuri, ila ni za plastiki iliyokwisha kupauka. Gari jipya halina pa kuzipeleka, ziache mpaka siku ya uhitaji. Hewa ya moto, ile ya mashine, inarudisha weusi kwa muda kwa kuyeyusha uso wa plastiki, kwa gari jipya usikubali hata kwa majaribio, kipande kikipinda hakirudi. Mafuta ya nazi, ya kula, siagi ya karanga, Kiwi ya viatu, vyote vinaonekana vizuri mpaka jua la mchana au mvua ya kwanza, na vya kula vinavuta sisimizi na vumbi pamoja. Kubandika filamu kwenye plastiki yenye vipele haishiki maana polipropilini ni plastiki ambayo gundi haiipendi, pembeni zinaanza kunyanyuka. Kupulizia rangi nyeusi ya kopo nako ni hivyo hivyo: bila dawa maalumu ya kuifanya ishike kwanza, presha ya maji inaibandua vipande vipande, na ukishapiga rangi umeingia kwenye kazi ya kupiga rangi kila mara.

Ukiwa Kariakoo umeshika chupa

Usitegemee picha ya mbele wala muuzaji anavyosema. Geuza nyuma usome. Kama unatafuta dawa ya maji ukaona alama ya moto au maneno yanayotaja petroli, hiyo siyo ya maji, irudishe kwenye rafu. Ukiwa nayo nyumbani na bado una wasiwasi, mimina matone kwenye glasi ya maji ukoroge: dawa ya maji inachanganyika yote na maji yanakuwa meupe, ile ya mafuta inaelea juu inajitenga. Halafu kabla ya gari zima paka sehemu iliyofichika, mfano chini ya bampa ya nyuma, iache siku mbili za jua, pitisha kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi au na utelezi, hiyo usiendelee nayo.

Na kujua kama kinga bado ipo, mwaga maji kidogo kwenye ile plastiki ya chini ya waipa, ndiyo ya kwanza kuisha. Matone yakikaa ya duara na kuteremka, bado. Maji yakitandaa na plastiki ikabadilika kuwa nyeusi zaidi pale yalipolowesha, kinga imeondoka na muda wa kurudia umefika, hata kama kalenda inasema bado wiki mbili.